Joto Halina Ubishi, Mvua Ndiyo Yenye Maneno

(Hotuba hii ilitolewa Moshi mbele ya wakulima wa kahawa na migomba, walimu na mabwana shamba. Wengi waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka nzima. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha. Hazikuwa na kitu ambacho sikukisema kwa mdomo.)

Ndugu Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa, sitarudia majina. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, walimu, mabwana shamba, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjaniamkia.

Naanza na swali. Nani humu ndani anaamini kwamba mvua zimepungua kuliko zile za wazazi wetu? Nyoosheni mikono niwaone. Haya, karibu ukumbi mzima. Shusheni. Na nani anaamini kwamba joto limeongezeka? Ukumbi mzima tena, na kuna mzee pale kanyoosha miwili.

Swali la pili mmepata maksi zote. La kwanza nawapa nusu. Hiyo nusu mliyokosa ndiyo iliyonileta hapa leo, kwa sababu mkulima akiamini mvua imepungua, kumbe kilichobadilika ni mwendo wake, atalipanga shamba lake kwa ajili ya tatizo ambalo silo.

Mimi mnanijua, kazi yangu ilikuwa kusoma vipimo vya hali ya hewa. Kazi isiyo na sifa. Saa tatu kamili asubuhi, iwe Idi, iwe Krismasi, iwe kuna msiba mtaani, unakwenda kwenye kipimamvua, unatoa chupa ya ndani, unamimina maji kwenye bomba la kioo lenye mistari. Unainama mpaka jicho liwe sawa na maji. Unasoma pale katikati, kwenye tumbo la maji, husomi pembeni yanapoparamia kioo. Unaandika. Kama chupa ni kavu, unaandika sifuri, na sifuri hiyo nayo ni kazi. Milimita moja uliyoisoma maana yake kila mita ya mraba ya shamba imepokea lita moja ya maji.

Tabianchi mnayoisikia kila siku redioni inatokana na daftari hilo likijazwa miaka na miaka. Dunia nzima imekubaliana kuchukua miaka 30 ndipo mtu aseme “hii ndiyo kawaida ya mahali hapa.” Kawaida inayotumika sasa ni ya 1991 hadi 2020. Wakati wetu tulitumia ya 1961 hadi 1990. Sasa sikilizeni vizuri. Mtangazaji akisema joto la leo ni la wastani, muulizeni: wastani wa lini? Maana kawaida ya leo ni ya moto kuliko kawaida ya zamani. Rula yenyewe inasogea. Kijana aliyezaliwa mwaka 2000 anaiona hali hii ni ya siku zote, na huwezi kumlaumu.

Basi nianze na joto, maana hilo halina ubishi.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani linasema bara letu limekuwa likipata joto kwa karibu nyuzi 0.3 kila miaka kumi tangu 1991. Mwaka 2024 ulikuwa wa moto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani, takriban nyuzi 1.55 juu ya hali ya miaka ya 1850 hadi 1900, kabla viwanda havijaijaza anga hewa ya ukaa. Mtasema, nyuzi 0.3 ni nini? Ngozi haiwezi kuzisikia. Kweli. Ngozi haizisikii, ila mti wa kahawa unazisikia.

Kwenye kile kibanda cheupe cha vipimo, kilichojengwa kwa mbao zenye nafasi ili upepo upite na jua lisiingie, kuna vipimajoto viwili vinavyolala chali. Kimoja kinashika joto la juu kabisa la siku. Cha pili kina spiriti, na ndani yake kuna kijiti chembamba sana. Usiku unavyopoa, spiriti inarudi nyuma na kukivuta kijiti. Asubuhi jua likitoka, spiriti inapanda lakini kijiti kinabaki palepale. Kijiti hicho kinakuonyesha baridi kali kabisa ya usiku ilifika wapi. Na katika vituo vingi vya nchi yetu, ni kijiti hicho ndicho kilichosogea zaidi. Mchana unapata joto, ndiyo, lakini usiku unapata joto haraka kuliko mchana.

Kwa nini nawasumbua na habari za usiku? Kwa sababu kahawa ya arabika inataka usiku wa baridi. Watafiti walichukua takwimu za kahawa na hali ya hewa za nchi yetu kuanzia 1961 hadi 2012, wakakuta kwamba kila joto la usiku likipanda nyuzi moja, hekta moja inapoteza wastani wa kilo 137 kwa mwaka. Kilo 137! Zidisheni wenyewe kwa bei ya mnada mliyoipata msimu huu, mimi sitaki kuwaharibia chakula cha mchana.

Jirani yangu mmoja, mkulima wa ukanda wa juu, mtu mbishi kweli, alikuwa akinicheka na daftari langu. Siku moja akaja na buni kiganjani. “Hebu tazama hapa.” Nikavaa miwani. Kila buni ilikuwa na kitundu kwenye kitovu chake, kidogo kama kilichotobolewa na sindano, na ukiipasua unakuta unga na kimdudu cheusi ndani. Ruhuka. Akaniambia, “Huyu tulikuwa tunasikia yuko kwa watu wa chini. Huku kwetu amefuata nini?” Amefuata joto, ndugu yangu. Mdudu huyo anazaliana haraka panapokuwa na joto, na sasa ukanda wa juu unaanza kumfaa kama ulivyomfaa wa chini.

Kuna wanaosema, basi nasi tupandishe kahawa juu zaidi. Tupandishe wapi? Juu yetu ni msitu, na msitu ni hifadhi ya taifa. Mdudu hana mpaka, sisi tunao. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi mimi kuliko hata habari za theluji, ambazo nitazifikia.

Tena joto halikai peke yake, linakula maji. Ardhi yenye joto inakauka upesi, na jani linatoa mvuke mwingi zaidi. Mvua ileile iliyomtosha babu yako haikutoshi wewe, ingawa chupa ya kipimamvua inaonyesha namba ileile. Mnakumbuka ukame wa 2020 hadi 2022? Kusini mwa Ethiopia, Somalia na mashariki mwa Kenya misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Wanasayansi walipopiga hesabu mwaka 2023, wakasema uhaba uleule wa mvua, katika dunia isiyo na joto hili lililoongezeka, usingefikia hata kuitwa ukame. Yaani mvua ilikuwa mbaya, lakini joto ndilo lililoifanya iue mifugo.

Sasa tuje kwenye mvua. Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo palipo na maneno.

Mkanda wa mvua unalifuata jua. Jua likivuka kwenda kaskazini, mkanda unatupitia tunapata masika. Likirudi kusini, unatupitia tena tunapata vuli. Sisi wa kaskazini, watu wa Kanda ya Ziwa, pwani ya kaskazini, Unguja na Pemba, tunapitiwa mara mbili. Ndugu zetu wa Dodoma, Iringa, Mbeya na Mtwara wana msimu mmoja mrefu. Hayo mliyasoma darasa la tano, walimu wapo, watanisahihisha.

Ambalo hamkulisoma darasa la tano ni bahari. Bahari ya Hindi ina upande wetu na ina upande wa Indonesia. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida, na ya kule yakapoa, vuli inamwagika mpaka tunaomba poo. Yakiwa kinyume chake, vuli inagoma. Wataalamu waliieleza hali hiyo kwa kina mwaka 1999, wakaiita dipoli ya Bahari ya Hindi, lakini wazee wetu walikuwa wameshanyeshewa nayo zamani.

Wazee mlio hapa, mwaka 1961 mnaukumbuka? Mwaka wa Uhuru. Vuli ya mwaka ule ilinyesha Afrika Mashariki nzima kiasi kwamba watu wanaziita mvua za Uhuru mpaka leo. Ziwa Victoria, kati ya mwisho wa 1961 na katikati ya 1964, lilipanda zaidi ya mita mbili. Lile ni ziwa zima, si bwawa la kijiji! Gati zikazama, mashamba ya kando ya ziwa yakawa ya samaki. Na maji hayakurudi yalikotoka. Yalibaki juu kwa miongo. Kwa hiyo mtoto aliyekulia Mwanza miaka ya 1970 aliliona ziwa lililopanda akadhani ndilo ziwa lenyewe.

Vuli za namna hiyo zilirudi 1997, zikarudi 2019, zikarudi 2023. Sasa angalieni miaka miwili iliyofuatana. Oktoba na Novemba 2022 vuli iligoma; mto Ruvu ukashuka na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, watu wakapanga ndoo. Desemba 3, 2023, tope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang yakaifunika Katesh, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Mwaka mmoja tu katikati. Chukueni mvua za miaka hiyo miwili mjumlishe, mgawe kwa mbili. Mtapata namba isiyomshtua mtu. Karani atakayeisoma ofisini atasema miaka hiyo haikuwa na tatizo.

Mmenielewa? Wastani haupandi mahindi. Wastani hauzoi tope. Na wastani, wazee wangu, ndio unaotufanya tubishane bure kama mvua imepungua au haijapungua.

Masika nayo ina kisa chake. Kuanzia miaka ya 1980 hadi kama 2010, masika ya Afrika Mashariki kweli ilikuwa ikipungua. Kwa hiyo mliponyoosha mikono hamkuwa mnaota. Lakini ilipungua vipi? Zaidi ilifupika: ilichelewa kuanza, ikawahi kukata. Siku zile ilizonyesha, ilinyesha kama kawaida. Kisha ikageuka, masika ya 2018 ilikuwa kubwa, ya 2020 kubwa, ya 2024 ikazamisha watu Kenya na huku kwetu. Na kuna jambo linaloumiza vichwa vya mabingwa: kompyuta zao kwa miaka mingi zinatabiri kwamba masika yetu itaongezeka, wakati vipimo vilikuwa vinaonyesha inapungua. Wanabishana hadi leo. Mtu akija hapa na tai yake akawaambia kwa uhakika masika ya 2050 itakuwaje, mpeni chai, msimpe shamba.

Lipo moja ambalo halibishaniwi. Hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo ikiamua kumwaga, inamwaga kwa hasira. Maji yaliyozoea kuja kwa wiki nzima yanakuja kwa usiku mmoja, yanabeba udongo na mbolea yako hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu jua linawaka siku kumi na mbili. Mwisho wa msimu namba ni ileile. Mavuno je?

Tulifundishwa sote kwamba mvua za kwanza ni za kupandia. Ilikuwa kauli nzuri, na iliokoa watu wengi. Lakini niwaambie nilichokiona tambarare huko chini, mashamba mawili yaliyopakana. Mwenye shamba la kwanza, bwana mmoja mchapakazi, mvua ya siku tatu ikanyesha, siku ya nne keshapanda yote. Jirani yake, mama mjane, alichukua jembe akachimba, akaingiza mkono. Unyevu ulikuwa umeshuka vidole vinne tu. Chini ya hapo vumbi. Akarudi nyumbani. Watu wakamsema: mvivu, anasubiri nini? Mvua ikakata. Mbegu za yule bwana zikachipua, zikanyauka, akaingia dukani kununua mbegu mara ya pili, na bei za mbegu mnazijua. Yule mama alipanda mvua iliporudi na unyevu ukafika shubiri nzima. Hakuwa na kompyuta wala hakuwa na simu kubwa. Alikuwa na mkono wake na hakuona aibu kusubiri.

Kauli yangu mimi, mabwana shamba mnisamehe: mvua za kwanza ni za kupimia.

La tatu na la mwisho, nalo litawaudhi baadhi yenu. Si kila kitu ni tabianchi.

Tazameni mlima wetu, Kilimanjaro. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji hapa, karibu na ikweta, na wasomi wa London wakamkejeli. Walimwambia macho yamemdanganya. Mwaka 1912 barafu ile ilipimwa ikaonekana ni kama kilometa za mraba 12. Mwaka 2011 zilikuwa hazifiki mbili. Ni kweli inaisha. Na kila anayekuja na kamera anatuuliza: je, mito yenu itakauka?

Ndugu zangu, mito yetu haitoki kwenye barafu ile. Sehemu kubwa ya barafu ya kilele cha Kibo haiyeyuki ikatiririka. Inageuka mvuke moja kwa moja kwa sababu hewa ya kule juu ni kavu mno. Tena ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya ukanda huu ilipokauka, kabla hata gari la kwanza halijafika Moshi. Maji ya mifongo yetu, mifereji ya kumwagilia, na maji ya mto Pangani, yanatoka kwenye msitu. Msitu wa kusini mwa mlima unapokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na miti yake inakamua ukungu. Ukipita asubuhi utaona ndevu za ukungu zilizoning'inia kwenye matawi zinadondosha maji na mvua hainyeshi. Moto ukichoma ukanda ule wa juu, kama ulivyochoma Oktoba 2020, hakuna tena cha kukamua ukungu.

Sasa niambieni, moto ule unawashwa na tabianchi? Ukavu unausaidia, sikatai. Lakini kiberiti ni cha mtu. Mrina asali, jangili, mwenye kuandaa shamba. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na humu ndani wapo, siwataji, wenye migomba inayolowesha mizizi mtoni.

Hata Ziwa Victoria. Mwaka 2005 na 2006 lilishuka mpaka mashua zikalala matopeni, na kila mtu akalia ukame. Ukame ulikuwepo. Lakini sehemu nzuri ya maji yale ilitokea kwenye milango ya mabwawa ya umeme ya Jinja kule Uganda, iliyoachia maji kuliko ilivyokubaliwa. Baadaye, mwaka 2020, ziwa likavuka rekodi yake ya 1964, na 2024 likapanda tena zaidi. Bila vipimo vinavyosomwa pale Jinja tangu enzi za wakoloni, tungebaki na uvumi tu.

Na neno “haijawahi kutokea” naomba tulifungie kabatini. Kimbunga Hidaya kilipotua Mafia Mei 2024 nililisikia kila redio. Kimewahi kutokea! Aprili 1872 kimbunga kiliifyeka Unguja, mikarafuu na minazi ikalala chini, na Pemba ikachukua nafasi ya Unguja kwenye karafuu mpaka leo. Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Ni nadra, lakini vipo, na anayejenga pwani alipaswa kuvijua.

Ndiyo maana nimekuja na mzigo. Pale mezani kwa katibu kuna vipimamvua vya plastiki. Si vya maonyesho. Kila shule iliyoleta mwalimu itachukua kimoja, na kila kikundi cha wakulima kimoja. Msikiweke chini ya mgomba, msikiweke karibu na bati. Kama nyumba ina urefu wa mita nne, kaeni nayo mbali mita nane au zaidi. Saa tatu asubuhi, kila siku. Msijaze wiki nzima Jumapili jioni kwa kukumbuka, namba za kukumbuka ni uongo wenye adabu. Sifuri iandikwe. Pembeni yake andikeni siku mliyopanda, siku mbegu ilipoota, siku mliyoona ruhuka wa kwanza. Walimu, watoto wa darasa la sita wanaiweza kazi hii kuliko sisi, wana macho na wana ushindani. Daftari likijaa, lisiende kufungia maandazi.

Mwenyekiti, naona unaangalia saa, na harufu ya kiburu, ndizi zetu na maharage, imeshafika hadi huku mbele. Maswali nayapokea yote isipokuwa moja. Anayetaka kuniuliza vuli ya mwaka huu itakuwaje, afuatilie utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mimi nimestaafu.